Naomba ushauri: lindo la saa 12 kwa siku 6 za wiki

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mlinzi wa usiku katika ghala moja jijini Dar es Salaam. Naingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki, jumla saa 72. Mwanangu wa darasa la pili huniona nimelala tu, na juzi nilisaini daftari la lindo mara mbili kwenye mstari mmoja kwa usingizi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki 4, zinazolipwa mara moja na nusu. Msimamizi anajibu kwamba tulisaini mkataba wa saa 12. Ni kweli sheria inaruhusu makubaliano ya maandishi ya namna hiyo, lakini kwa siku zisizozidi 5, na ukomo wa saa 45 unabaki palepale.

Wenzangu wanataka tuombe zamu tatu za saa 8. Mimi naogopa mshahara utapunguzwa, ingawa nimesoma kwamba Iceland ilipojaribu wiki fupi kati ya 2015 na 2019, mishahara haikuguswa (wale, bila shaka, hawakuwa walinzi wa ghala).

Je, tuanze kwa barua ya pamoja kwa mwajiri, au twende moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi? Na daftari la lindo, ambalo hukaa kwa mwajiri, tulitumieje kama ushahidi?