Nimerithi moto (pikipiki) XT500 ya mujomba, fundi anataka nitupe motere (injini). Munanishauri nini?

Mwana_Kamalondo
Jambo ba yaya na ba dada. Naomba ushauri juu kichwa inaniuma. Mujomba wangu alikuwa na Yamaha XT500, moto ya wakati wa Zaïre, alikuwa anaendaga nayo Likasi mupaka Kolwezi bila shida. Kisha akaiweka mu depo, ikakaa miaka mingi sana, panya wakakula kiti, na sasa familia imenipa mimi juu mimi njo ninapendaga mambo ya moto. Nimeileta Lubumbashi na kamyo, iko ku parseli (kiwanja) nyuma ya nyumba chini ya shiti.

Hali yake iko hivi: kiki inashuka, motere haijakwama, ila iko nzito na kuna wakati inarudisha muguu na nguvu mupaka naogopa. Tanki ndani ni kutu. Taa ni 6 volti, hakuna hata moja yenye kuwaka. Fereni (breki) ya mbele unakamata, kisha unaomba Mungu. Pine (tairi) zote zimepasuka. Fundi mumoja wa Kenya (komini, si inchi) aliangalia, hata funguo (spana) hakushika, akasema motere hii ni ya kutupa, piese (vipuri) hakuna, tutie ya kichina ya sentimita kibu 200, atasudea (atachomelea) shasi kidogo na nitatembea kesho yake. Roho yangu inakataa.

Mi nilikuwa nataka: 12 volti, disko mbele, fari (taa ya mbele) ya LED, rangi nyeusi yote. Niko na kama dola 400 za kuanza, zingine nitaongeza pole pole. Kazi nataka nifanye mwenyewe ku nyumba, funguo niko nazo. Nianzie wapi?

Boxer_wa_Ruashi
Peleka ku ferayi (vyuma chakavu), dola 400 ongeza kidogo ununue moto ya TVS. Utanishukuru 😂

PikiKivu_Goma
Usimusikilize huyu, na huyo fundi usimuache aguse hiyo shasi na poste ya kusudea HATA KIDOGO. Munajua kwa nini? XT500 haiweki mafuta ya motere chini kama hizi moto zingine, mafuta yanakaa ndani ya bomba za shasi yenyewe, shasi njo tanki ya mafuta. Ukikata pale, ukisudea pale, umeharibu kila kitu, na takataka ya kusudea itabaki ndani. Kisha unatia kichina 200 ndani ya shasi iliyofanywa kwa silinda moja ya 499 sentimita kibu, sasa hapo umebakia na nini? Jina ku tanki tu.

Halafu kijana ujue uko na nini. Moto hiyo ilitoka 1976, na Paris-Dakar ya kwanza kabisa, ya 1979, Cyril Neveu alishinda juu ya XT500, akarudia 1980 juu ya moto ya aina ile ile. Haikuwa na nguvu kupita zingine, ila ilikuwa nyepesi na haina mambo mengi ya kuvunjika. Fereni ni tamburi (si disko), cheche ya bujii (plagi) inatoka ku manyeto, kiki ya muguu, basi.

Boxer_wa_Ruashi
Sawa Dakar, lakini yeye hayuko Dakar, yuko Kamalondo na piese hakuna

Turneri_Mzee
Vijana salamu. Nimefanya kazi ya turneri (fundi wa kuchonga chuma) mu ateliye za mugodi miaka yangu yote, sasa niko ku pensheni, lakini turu yangu ndogo bado inazunguka. Naomba nimujibu mutoto huyu kwa utulivu.

Mwanangu, kwanza uache kupiga hiyo kiki. Moto ya aina hiyo ikilala muda murefu, mafuta yanashuka pole pole toka kwenye shasi yanajaa chini mu karteri (tumbo la motere). Wewe unapima na kijiti, unaona juu ni tupu, unaongeza lita ingine, kumbe yote iko chini. Ndiyo maana kiki yako ni nzito, au angalau ni sababu moja. Fungua visi ya kumwanga mafuta ya motere NA ile ya chini ya shasi, yote mbili, mwanga kila kitu. Mule chini ya shasi kuna kichujio cha waya, kitoe ukioshe na petroli. Utakuta matope meusi humo, usishangae. Filtri ya pembeni ya motere pia. Hiyo kazi haikulipishi kitu, na inakuambia habari nyingi: chukua mafuta machafu, pitisha sumaku ndani. Unga laini sana wa kijivu ni kawaida. Ukiona vipande, motere inafunguliwa, hakuna mazungumuzo.

Kisha toa bujii, mimina mafuta kidogo ndani ya silinda, uache yalale, na kesho yake zungusha kwa mukono bila bujii. Usiwe na haraka. Segima (ringi za pistoni) zilizolala zimeshika kutu kidogo, ukizilazimisha zinakwaruza silinda, na silinda ikikwaruzwa ni alezaji (kuichonga ipanuke).

Sasa jambo ambalo watu wanasahau. Ugonjwa wa motere hii uko juu, ku kilasi (kichwa cha silinda). Kuna kabomba kembamba kanapandisha mafuta mupaka ku arbri a kamu (shafti ya kufungua supapu) na ku kilbiteri (mikono inayosukuma supapu). Pampu ikilegea, au kabomba kakiziba, juu kunakauka, na kamu inakulika haraka kabisa. Siku utawasha, kabla ya kufurahi, legeza kidogo visi ya kale kabomba pale inaingia ku kilasi, motere ikizunguka taratibu. Mafuta yakitoka, funga, sifu Mungu. Yasipotoka, ZIMA mara moja. Wazungu wanauza bomba nene zaidi lenye kulisha pande zote mbili, ya kuingizia na ya kutoshea. Ukiniuliza hela ya kwanza ya kuboresha iende wapi, iende pale, kabla ya fari na kabla ya rangi.

Supapu (valvu) ziachiwe nafasi: ya kuingizia 0.10 mm, ya kutoshea 0.15 mm, motere ikiwa baridi. Shene ya kamu inakazwa kwa mukono nyuma ya silinda, si ya otomatiki, kwa hiyo hakuna mutu ameikaza tangu mujomba wako aiache.

Na kama silinda imekulika: usimupe mutu silinda alezee kabla hujapata pistoni mukononi! Pistoni ya kawaida ni 87 mm, zile za kuzidisha zinapanda robo robo ya milimita mupaka 88. Turneri anapima pistoni yako kwanza, ndipo anakata silinda kuifuata. Wengine wanakata kwanza kisha wanatafuta pistoni, wanabaki na silinda ya kuwekea maua.

Dada_wa_BelAir
Mimi sijui kilbiteri ni nini ila nauliza kitu: karti roze (karatasi ya umiliki) iko? Iko kwa jina ya nani? Mujomba ameshakufa ao yuko? Juu munaweza kumaliza hela zote, moto ikang'aa, kisha binamu mumoja anatoka Likasi anasema moto ni ya papa yake. Kaeni na familia, muandike karatasi, bashaidi batie sini, njo ununue bujii. Nimeona hii ku kwetu na gari.

Mwana_Kamalondo
Dada aksanti sana, karti roze iko, jina ni ya mujomba, alishaachaga dunia. Batoto yake wawili walikuwa pale wakati banaikabizi kwangu ila hakuna karatasi. Nitafanya.

Mzee Turneri nimesoma mara na mara. Nimefungua chini kama ulivyosema, mafuta yaliyotoka ni mengi kuliko nilivyofikiri, nyeusi nyeusi. Sumaku imetoka na unga tu. Kiki imekuwa nyepesi!! Lakini bado inarudisha muguu. Hiyo ni nini?

PikiKivu_Goma
Kurudisha muguu ni juu unapiga ovyo ovyo bana. Silinda moja kubwa, komprese 9 kwa 1, haipigwi kama Boxer (moto ndogo). Kuna levye ndogo ku gido (usukani) upande wa kushoto, hiyo ni dekompresa, inaachilia hewa ya silinda. Ikamate, shusha kiki POLE POLE ukiangalia kale kadirisha ku kilasi, alama ikionekana achilia levye, rudisha kiki juu kabisa, kisha piga mara moja mupaka chini, bila kugusa gazi, na viatu vya nguvu si sapati. Ukipiga kwa woga nusu nusu njo inakurudishia.

Elektro_Katuba
PikiKivu iko na haki lakini si yote. Kama inarudisha hata ukifuata alama, angalia platine (pointi za cheche) na avansi (inayopanga wakati wa cheche). Vizito vya avansi vikikwama na gresi ya zamani bujii inapiga mapema sana, pistoni bado inapanda, njo muguu wako unapata mutihani. Osha, tia tone la mafuta, platine zisuguliwe kidogo na uache 0.3 mupaka 0.4 mm. Bujii NGK BP7ES.

Sasa 12 volti. Mi njo ningeanza nayo, mubishe mukitaka. Kuna Wajerumani wanafanya kiti kamili, Powerdynamo, unatoa volani (gurudumu zito la motere) ya zamani, unatia yao, unapata 12 volti na alimaji (mufumo wa cheche) ya elektroniki, platine zinaisha kabisa. Na Hamburg kuna Kedo, hao kazi yao ni XT na SR 500, kila kitu wanacho mupaka visi. Kama uko na mutu wa Bulaya akija na vakansi anakuletea mu valizi. Kwa hiyo mwenye kusema piese hakuna, anasema ku duka yake hakuna.

Turneri_Mzee
Fundi Elektro nabisha. Kiti hiyo itakula dola zake zote, na moto ile inawaka bila batri kabisa, koili ya bujii iko pembeni na ya taa. Kwa nini atoe kitu ambacho hajajua kama kimekufa? Aiwashe na platine zake. Akiitembeza musimu moja, akiona motere ni nzima, hapo atoe hela.

Elektro_Katuba
Mzee taa je? Bila taa Kasapa usiku na malori? Haya tupatane: aache alimaji ya zamani, atie regilateri ya 12 volti ku koili ya taa, batri ndogo, ampuli zote abadilishe. Koili ile motere ikizunguka inatoa zaidi ya 6. Ku ralanti (motere ikizunguka pole pole) taa itakuwa dhaifu, LED inasaidia juu haikuli mingi. Hiyo ni hela kidogo.

Turneri_Mzee
Hiyo nakubali.

Vumbi_ya_Kipushi
Niongeze juu ya karbirateri na ile disko. Disko achana nayo kwanza. Ili utie disko unabadilisha furshi (foko ya mbele) yote, mwayoni (kiini cha gurudumu), aksi, mara gido haizunguki tena, na hakuna mwisho. Tamburi yako ya mbele ni 160 mm, ndogo ni kweli, lakini haiko mubaya hivyo unasema, ni masabo (viatu vya breki) yamekuwa kama kioo na kabule (waya ya breki) imekauka. Peleka masabo wabandike ferodo mupya laini, turneri wa tamburi asawazishe kama imekuwa ya yai, kabule mupya, utasimama. Pine ni 21 mbele na 18 nyuma, kama DT, utapata bila kuhangaika.

Filtri ya hewa sasa. Ile eponji ya zamani ukiigusa itakuwa unga. NAOMBA usikate matela (godoro) utie pale kama bafundi betu banafanya, matela inayeyuka na petroli na mafuta, motere inavuta vipande. Tafuta eponji ya filtri ya kweli, itie mafuta, uikamue. Musimu ya kiangazi hapa vumbi nyekundu inapita fasi yoyote, mi natembeaga barabara ya Kipushi nafua filtri karibu kila wiki. Motere bila filtri muzuri hapa Katanga, segima hazimalizi mwaka.

Na tuko ku mita kama 1,200 juu ya bahari, hewa iko nyembamba, kwa hiyo kama bujii inatoka nyeusi na motere inakohoa juu, shusha jikleri (tundu la petroli mu karbirateri) kubwa hatua moja, uangalie bujii tena. Pole pole, juu ukikausha sana inachoma pistoni.

Mwana_Kamalondo
Na tanki? Jirani ananiambia nitie asidi ya batri

Vumbi_ya_Kipushi
Jirani akunywe yeye hiyo asidi. Jaribu sumaku kwanza, zingine za Ulaya zilikuwa na tanki ya aliminiyo. Ukiona kutu ni chuma, basi jaza vinegere, tia kipande cha shene ya zamani ao changarawe, tikisa, uache siku moja mbili, mwanga, rudia. Kisha maji na bikarbonati, ukaushe HARAKA na uvuruge petroli na mafuta ndani ili kutu isirudi. Kama sumaku haishiki, usitie soda kostiki, itakula tanki yako.

Boxer_wa_Ruashi
Mafuta gani munamutilia? Ya gari ni bei kidogo

Turneri_Mzee
20W-50 ya kawaida, lakini ya moto, iandikwe JASO MA. Ambreyaji (klachi) inaogelea mu mafuta hayo hayo. Mafuta mengine ya gari yana dawa ya utelezi na ambreyaji inaanza kupatina (kuteleza). Na upime motere ikiwa imezunguka dakika kadhaa, si asubuhi ikiwa imelala. Nimeshaeleza sababu.

Mwana_Kamalondo
Basi hivi: karatasi ya familia, kichujio na mafuta, avansi na platine, tanki, masabo ya fereni na pine. Rangi na LED zitangoja. Fundi wa Kenya nimemuambia hapana, amekasirika kidogo lakini amekubali kuniazima kivuta-volani. Mzee Turneri, kilasi nikiifungua naweza kukuletea uiangalie kamu?

Turneri_Mzee
Ilete, ila si siku ya Mungu. Na usiitoe bila kuweka motere ku alama na kufunga shene ya kamu na waya, isianguke ndani. Leta na supapu zake, usizichanganye. Yule kijana wa Boxer akikuja nawe atakusaidia kubeba.

Boxer_wa_Ruashi
Nitakuja. Nataka kuona hiyo shasi yenye kukunywa mafuta