Ushauri: Niagize pikapu iliyotokana na gari la dhana la IMV 0, au ninunue Hilux iliyotumika?

Mkulima wa Uwemba

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambayo nimeikusanya kwa misimu mitatu.

Kazi yangu ni kukusanya viazi mviringo na parachichi katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Njombe na kuvishusha Makambako, ambako malori makubwa hupakia kuelekea Dar es Salaam. Sina gari. Ninakodi kwa siku, na wakati wa mavuno, ambapo kila mtu anahitaji gari, kodi hupanda mpaka ninajikuta nimemfanyia kazi mwenye gari badala ya kuifanyia familia yangu.

Desemba 2022, Toyota walipokuwa wakiadhimisha miaka 60 ya kampuni yao nchini Thailand, walionyesha pikapu ya dhana, yaani gari la mfano la kuonyesha wazo kabla ya kuingia sokoni, waliyoiita IMV 0. Wapenzi wengi wa magari waliiona wakaibeza kwamba ni sanduku lenye magurudumu, halina mkunjo wala pindo. Mimi niliipenda siku hiyo hiyo, na hadi leo sijabadilika. Niliona sehemu ya mzigo iliyo bapa, yenye mbavu zinazoshushwa pande tatu na matundu ya nati yaliyotobolewa tayari kiwandani ili mnunuzi afunge anachotaka. Niliona pia bampa la mbele lililogawanywa vipande vitatu, ili ukigonga kona moja ubadilishe kona hiyo tu. Jambo hilo la mwisho lilinigusa, kwa sababu mwaka 2018 nilinunua gari la kabini mbili la kampuni ambayo sitaitaja, nikiwa nimevutiwa na sura yake, na taa moja ya mbele ilipovunjika nilikaa wiki saba nikisubiri spea huku viazi vya watu vikichipua ghalani. Niliishia kuliuza kwa hasara.

Magari mengi ya dhana huishia kwenye maonyesho, lakini hili liliingia sokoni Thailand Novemba 2023 kwa jina la Hilux Champ, bei zikianzia baht 459,000, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilikaribia dola 13,000 za Marekani. Indonesia wanaliita Hilux Rangga na Ufilipino Tamaraw. Thailand wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, hivyo usukani uko kulia, mahali tulipouzoea.

Swali langu ni hili: je, niliagize likiwa jipya kutoka huko, au ninunue Hilux ya kabini moja iliyotumika ambayo kila fundi anaijua? Ndugu yangu mmoja ananishauri ninunue kirikuu mbili, zile pikapu ndogo, kwa fedha hiyo hiyo, lakini nimeona kirikuu zikihemewa na gunia sita za viazi kwenye mlima wa kawaida, sembuse lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi.

Shoo na Bampa

Mkuu, nimefurahi kukutana na mtu aliyeipenda IMV 0 kwa sababu sahihi. Nimekuwa nikifuatilia magari ya dhana kwa miaka mingi, na ninasikitika kila ninapoona watu wakiipima pikapu ya kazi kwa macho yale yale wanayoyatumia kupima gari la harusi. Ubapa ule wa milango na ukingo ulionyooka wa madigadi unamaanisha kwamba bati likibonyea fundi wa mtaani analinyoosha kwa nyundo na kibao, jambo ambalo huwezi kulifanya kwenye magari ya siku hizi yenye mikunjo ndani ya mikunjo.

Hata hivyo, naomba nikutahadharishe kuhusu pengo lililopo kati ya jukwaa la maonyesho na yadi ya muuzaji. Tesla walipoonyesha Cybertruck Novemba 2019 walitaja bei ya kuanzia dola 39,900. Miaka minne baadaye, walipoanza kuwakabidhi wateja, toleo la bei ya chini kabisa kwenye orodha yao lilikuwa dola 60,990. Mercedes-Benz nao walionyesha pikapu ya dhana ya X-Class mwaka 2016, picha zake zikasambaa dunia nzima, gari likaanza kuuzwa mwaka uliofuata, na ilipofika 2020 uzalishaji ukasimama. Aliyeinunua alibaki na gari zuri lisilo na ndugu. IMV 0 ni tofauti kwa kuwa kilichoonyeshwa ndicho kilichouzwa, karibu bila kubadilishwa, na katika miaka yangu yote ya kufuatilia mambo haya nimeona hivyo mara chache sana.

Fundi Ipogolo

Ndugu mkulima, wenzangu wamezungumzia sura. Mimi ni fundi, kwa hiyo naomba tuinue gari kwa jeki na kuangalia chini.

Chini ya gari hili hakuna ugeni mkubwa. Chasisi ni ile ya vyuma viwili vya urefu vilivyoungwa kwa vyuma vya kukingama, ukoo ule ule wa IMV ulioanza na Hilux ya mwaka 2004, na nyuma kuna springi za bapa zilizopangwa kwa tabaka, ambazo zikivunjika hata Makambako utapata wa kuzitengeneza. Injini ziko za aina tatu. Ile ya petroli ya lita 2.0 ni 1TR, ndugu wa injini iliyomo kwenye Hiace nyingi zilizotoka Japani na zinazobeba abiria katika nchi yetu. Ya petroli ya lita 2.7 ni 2TR, ambayo tumeifungua na kuifunga kwenye Prado kwa miaka mingi. Ya dizeli ya lita 2.4 ni 2GD, iliyomo kwenye Hilux za kizazi cha Revo. Nasema ndugu, sisemi pacha, kwa sababu 1TR ya Hilux Champ ina mfumo wa kurekebisha valvu pande zote mbili, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, wakati Hiace nyingi za zamani zina upande mmoja tu. Kwa hiyo usidhani kila spea ya kichwa cha injini itaingia.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijaona mtu akilitaja, nalo ni mwinuko. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Injini ile ya lita 2.0 ina nguvu za farasi 139 kwenye karatasi. Huko kwenu utabaki na kama 110, na juu yake uweke tani moja ya viazi. Itapanda, lakini utashinda kwenye gia namba mbili na mafuta yatakwenda. Yenye dizeli ina tabo, kwa hiyo mwinuko hauinyang'anyi nguvu kwa kiasi hicho. Kama utaagiza, agiza ya dizeli, na uwe mkali kuhusu mafuta unayoweka, kwa maana nozeli zake hazivumilii dizeli ya kwenye madumu.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Hakuna toleo la magurudumu manne. Ninaujua udongo mwekundu wa Uwemba wakati wa masika. Pikapu ya namna hiyo ikiwa tupu huwa nyepesi mkiani, na asubuhi unapokwenda kupakia ndipo unapokuwa mtupu. Utateleza kabla hujafika shambani. Kwa sababu hiyo peke yake, ningekuwa mimi, ningenunua Hilux ya dizeli ya kabini moja yenye magurudumu manne, hata kama imetembea kilomita nyingi, mradi chasisi haina kutu wala haijachomelewa.

Pwani ya Kilindini

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo nyinyi wenzetu wa Tanzania mna nafasi kubwa zaidi ya kuchagua. Ninachotaka kuongeza ni kwamba zile baht 459,000 zilikuwa bei ya Thailand, kwa toleo la chini kabisa. Ongeza nauli ya meli na bima, kisha kumbuka kwamba forodha hutoza juu ya jumla hiyo na si juu ya bei ya gari peke yake: ushuru wa Afrika Mashariki wa asilimia 25, halafu VAT yenu ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo, kabla ya tozo nyingine na gharama za bandari. Ukiona dola 13,000 kwenye mtandao, usizibebe moyoni.

Mawe ya Mirerani

Habari za jioni. Ninafanya biashara ya vito na hukaa Chanthaburi, mashariki mwa Thailand, kwa vipindi virefu, kwa hiyo magari haya ninayaona kila siku. Nimeyaona yamefungwa vibanda vya kuuzia chakula, mengine masanduku ya barafu ya kubebea samaki. Nimewahi kumsaidia jirani yangu kupakia madoriani kwenye moja, na nilichokipenda ni kwamba ubavu ukishushwa unapakia ukiwa umesimama pembeni, bila kuinua kreti juu ya ukingo. Kwa anayebeba matenga ya parachichi, ambayo hayapendi kurushwa, hilo si jambo dogo.

Yapo marefu na mafupi. Refu lina mita 3.085 kati ya ekseli na ekseli, fupi lina mita 2.75. Fupi linageuka mahali padogo sana. Ndani ni plastiki ngumu isiyo na mapambo, na jirani yangu huiosha kwa kitambaa cha maji akamaliza. Asiyeona taabu na hilo atafurahi. Nikiombwa kuangalia jambo lolote huku, niko tayari.

Mama Mbao Mafinga

Mdogo wangu, nimekuwa na magari ya kubeba mbao kwa miaka kumi na sita, na naona wote wanakujibu kuhusu gari ilhali hujawaambia siku zako. Kwa mwaka mzima unakodi siku ngapi? Katika siku hizo, ni ngapi ulikwama kwa sababu ya tope, na ni ngapi ulikosa gari kabisa? Fundi Ipogolo amesema kweli kuhusu magurudumu manne, lakini magurudumu manne yana difu ya mbele, yana shafti zake, yana mafuta yanayoungua zaidi, na vyote hivyo utavilipia hata Agosti barabara ikiwa kavu kama sakafu. Mimi nilinunua la namna hiyo kwa hofu ya tope, nikaja kugundua kwamba mzigo wangu mwingi ulikuwa ukinisubiri barabarani. Hesabu kwanza.

Mkulima wa Uwemba

Dada Mama Mbao, shikamoo. Nimefanya kama ulivyoniagiza. Nina daftari ambalo huandika kila safari, na usiku wa jana nimelipitia lote na mke wangu. Mwaka uliopita nilikodi siku 112. Siku nilizokwama au kulazimika kugeuza kwa sababu ya tope ni 19, zote kati ya Januari na Aprili, na katika siku 11 kati ya hizo wakulima walinisogezea mzigo hadi barabara kubwa kwa trekta, tukagawana gharama. Kwa hiyo siku ambazo magurudumu manne yangeniokoa kweli ni nane. Siku nilizokosa gari la kukodi, mzigo ukiwa umeshavunwa, ni 23. Sikuwahi kuziona namba hizi zikiwa zimekaa pamoja, na nakushukuru sana.

Fundi, sijapuuza neno lako. Kuhusu injini umenishawishi kabisa, na sasa nafikiria refu la dizeli. Kinachobaki kunitia hofu ni spea za nje: taa, vioo, vile vipande vitatu vya bampa. Hilux iliyotumika nitapata taa yake Iringa siku hiyo hiyo. Hili jipya, nikivunja taa, nisije nikarudi kwenye zile wiki saba.

Fundi Ipogolo

Marahaba kwa daftari. Siku nane kwa mwaka ni chache kuliko nilivyodhani, na kwa hesabu hiyo naondoa pingamizi langu la magurudumu manne, mradi ufunge matairi ya tope na uweke mifuko miwili ya mchanga nyuma asubuhi unapokwenda mtupu.

Kuhusu spea za nje hofu yako ni halali. Usiagize gari kabla ya kuwa na namba za spea. Mwombe ndugu wa Mirerani akuletee namba na bei ya vitu vifuatavyo: taa ya mbele ya kushoto na ya kulia, vipande vyote vya bampa, shoo (grili ya mbele), kioo cha mbele na bushi za springi za nyuma. Ukizipata, peleka orodha hiyo kwa muuzaji rasmi hapa nchini na umtake akujibu kwa maandishi kama anaweza kuziagiza na kwa siku ngapi. Akijibu siku kumi na nne, agiza gari. Akikwepa, njoo Ipogolo, tutakagua Hilux pamoja na sitakutoza.

Mawe ya Mirerani

Jumamosi nakwenda dukani kwa spea, liko karibu na soko la vito. Nitapiga picha ya kila kipande na namba yake na kuziweka hapa kabla ya Jumapili jioni. Kuna kitu kingine cha kuongeza kwenye orodha?

Mkulima wa Uwemba

Ongeza bawaba za zile mbavu za pembeni, kaka. Hizo ndizo zitakazofunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hilo. Nitasubiri hadi Jumapili, na barua ya kwa muuzaji nimeshaanza kuiandika.