Ushauri: Dhoruba imeezua paa letu hapa Iowa na bima imelipa nusu tu. Tuombe ruzuku ya jimbo sasa au tusubiri?

MamaNeema
Habari zenu, ndugu zangu. Tunaishi mashariki mwa Iowa, watu 6, katika nyumba tuliyoinunua miaka michache baada ya kufika kutoka kambi ya Nyarugusu. Siku 23 zilizopita dhoruba iliezua upande mmoja wa paa, mvua ikamwagika juu ya kitanda cha watoto, na maji taka yakarudi kupitia bomba hadi chumba cha chini ya ardhi, yakaharibu mashine ya kufulia na mtambo wa kupasha nyumba joto. Kampuni ya bima imekubali paa, baada ya kukata dola 2,500 ambazo mkataba unatutaka tujilipie wenyewe, lakini chumba cha chini imekikataa kabisa. Gavana alitangaza hali ya maafa katika kaunti yetu siku ya pili baada ya dhoruba. Mume wangu anasema tungoje kwanza rufaa ya bima, na tena anahofia kwamba tukipokea fedha za serikali maombi yetu ya uraia yataharibika. Aliyepitia haya naomba anishauri.

BabaFuraha
Pole sana, mama. Msingoje. Mimi nilingoja bima miaka miwili iliyopita, na jibu lilipofika muda wa jimbo ulikuwa umekwisha. Wengi wetu tunakumbuka dhoruba ya tarehe 10 Agosti 2020, ile iliyolaza miti ya Cedar Rapids, tukadhani kwamba kila upepo mkali utaileta FEMA, shirika la maafa la serikali kuu. FEMA huja pale tu Rais anapoidhinisha msaada kwa wakazi wa kaunti husika, na dhoruba nyingi hazifikii kiwango hicho, kwa hiyo msaada wa jimbo huwa ndio mlango pekee uliobaki wazi.

MkalimaniWenu
Dada MamaNeema, huwa ninawatafsiria wakimbizi wanaojaza fomu hizi, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu. Mpango unaoutafuta unaitwa Iowa Individual Assistance Grant Program. Ni ruzuku, si mkopo, na ina kikomo kwa kila kaya. Masharti ni mawili makubwa: tangazo la gavana liwe limeufungulia mpango huo kaunti yenu, na mapato ya kaya yasizidi asilimia 200 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, yaani mapato yasizidi dola 86,300 kwa familia ya watu 6 kwa kiwango cha mwaka 2025. Maombi hupokelewa kwa siku 45, na siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya tangazo, si tangu bima ilipowajibu. Kwa hesabu yako mmebakiwa na siku 24.

Ruzuku hailipi kile ambacho bima imekwisha kulipa, na ndiyo maana barua ya kukataliwa kwa chumba cha chini ina thamani kubwa kwenu, iambatanisheni. Ikiwa mmekwisha kununua kitu, watataka risiti halisi. Zile za dukani huchapwa kwa karatasi inayofifia, hasa ikiachwa kwenye gari wakati wa jua, na nimeona mama mmoja akitoa risiti sita nyeupe kabisa. Zipige picha leo hii. Chakula kilichooza na makazi ya muda navyo vinahesabiwa. Mapato yakizidi, ombeni mshauri wa maafa wa jimbo, kwani huduma hiyo haina kikomo cha mapato. Pigeni simu namba 211, ya huduma za msaada wa jamii, muulize ofisi inayopokea maombi ya kaunti yenu, na mdai mkalimani bila kuona haya.

Kuhusu uraia, mwambie shemeji atulie. Msaada wa maafa hauhesabiwi kuwa ni kuitegemea serikali, na aliyeingia Marekani kama mkimbizi hahusiki na kipimo hicho cha uhamiaji cha kuitegemea serikali.

FundiPaa
Mimi nina neno moja tu. Akija mtu mlangoni na kishikwambi, akawaambia watie saini kwa kidole ili apande kukagua paa bure, msitie saini. Mara nyingi huo ni mkataba wa kazi nzima. Na akiahidi kuwafutia zile dola 2,500, mkataeni, kwa kuwa sheria ya Iowa inamkataza mkandarasi kutoa ahadi hiyo. Muulizeni namba yake ya usajili wa jimbo, kisha mhakikishe wenyewe.

MamaNeema
Mungu awabariki. Mume wangu amesoma yote, tukapiga 211 pamoja leo asubuhi, na tumepewa miadi ya Alhamisi pamoja na mkalimani wa Kiswahili. Risiti ya turubai nimeipata chini ya kiti cha gari. Bado inasomeka, ila tarehe imeanza kufifia. Nimeipiga picha mara tatu.

MkalimaniWenu
Vizuri sana. Siku hiyo nendeni pia na hati ya nyumba, vitambulisho, na uthibitisho wa mapato wa kila mtu mzima anayefanya kazi.