Naomba ushauri: mtu akiondoka Chimala saa 9 alasiri, atafika Uyole salama kwa baiskeli?

Msafiri wa Makambako (saa 8:47 mchana)
Wakuu, habari za mchana. Naomba ushauri wa wanaoifahamu vizuri barabara kuu ya Makambako hadi Mbeya. Mtu anayesafiri peke yake kwa baiskeli, akiwa na mzigo wa kilo 14 kwenye karia, akifika Chimala mchana kama huu, je, ni busara aendelee hadi Uyole siku hiyo hiyo au alale hapo? Baiskeli ni ya mtumba yenye gia 18, na mtu mwenyewe ana umri wa miaka 34 na afya njema. Naomba tujikite kwenye barabara na mlima, si kwenye sababu za safari.

Fundi wa Mwanjelwa (saa 8:53)
Ndugu, kabla ya mlima tuzungumze kuhusu hiyo baiskeli. Nyingi za mtumba zinazoletwa kibandani kwangu zina gia 18 za kuhesabu tu, kwa sababu zinazoshika kweli ni nne au tano, na ile nyepesi kuliko zote, ambayo ndiyo utakayoililia mlimani, ndiyo huwa ya kwanza kufa. Weka gia nyepesi, kanyaga kwa nguvu ukiwa umesimama, na mnyororo ukiruka ujue frii imekwisha meno. Chunguza pia spoku za gurudumu la nyuma upande wa frii, kwa kuwa ndizo hukatika kwanza baiskeli ikibeba mzigo.

Kiazi Mviringo (saa 8:58)
Kilo 14 ndiyo mzigo? Mimi ni mtu wa Uyole, na ujanani nilikuwa nikisomba gunia zima la viazi kwenye Phoenix isiyo na gia hata moja, huku breki ya nyuma ikiwa ni soli ya kiatu changu. Siku moja gunia lilipasuka kwenye mteremko, viazi vikatangulia kufika sokoni, nami nikafuata nyuma nikivinunua upya kwa watoto waliokuwa wameviokota. Mwambie huyo mtu wako apande tu.

Mama Imani (saa 9:04)
Kamwene, wanangu. Mimi niko Iringa na baiskeli siifahamu, lakini ninajiuliza kwa nini mtu mzima aache mabasi yanayopita barabara hiyo mchana kutwa akajitese juani. Kama ana mke, je, mke wake anajua? Marehemu kaka yangu naye alikuwa na tabia ya kwenda mahali bila kuaga.

Msafiri wa Makambako (saa 9:08)
Mama, shikamoo. Sababu za safari niliomba tuziache, ingawa kwa heshima yako nitasema kwamba ni likizo, na nia ni kufika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa kupitia Tukuyu na Kyela. Fundi, gia nyepesi inashika. Naomba anayejua anijibu kuhusu kipande cha baada ya Igurusi.

Binti Usangu (saa 9:13)
Kaka, maswali yako yana haraka ambayo haimo kwenye maneno yako. Umeuliza kuhusu "mtu", kisha ukasema gia inashika kana kwamba umetoka kuijaribu sasa hivi. Tuambie ukweli: uko wapi muda huu, na baiskeli hiyo ina taa?

Msafiri wa Makambako (saa 9:19)
Niko Chimala, nimekaa chini ya mti. Nilitoka Makambako saa 12 asubuhi, na ningefika hapa saa 6 kama si pancha mbili, zote zikiwa zimesababishwa na nyuzi za waya zinazobaki pembeni mwa barabara matairi ya malori yanapopasuka. Taa ya mbele ipo. Ya nyuma ilidondoka mahali fulani kabla ya Igawa na sikuigundua mapema. Hata hivyo nina shati jeupe, na leo kuna mwezi mpevu, kwa hiyo sidhani kama giza litakuwa tatizo kubwa. Baba mdogo ananisubiri Uyole na ameniambia kuku ameshachinjwa. Tena nimeona malori yenye mzigo yakipanda polepole sana, na watu huyashika kwa nyuma yakawavuta.

Fundi wa Mwanjelwa (saa 9:27)
Basi tupige hesabu. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Chimala iko karibu mita 1,100, maana yake asubuhi yote umekuwa ukishuka, na hizo karibu kilomita 100 ulizomaliza zisikupe kiburi. Uyole iko zaidi ya mita 1,700. Umebakiwa na zaidi ya kilomita 60, na kile ulichoshuka tangu asubuhi utakirudisha chote na nyongeza, tena sehemu kubwa ikiwa baada ya Igurusi, miguu ikiwa imekwisha. Hadi Igurusi utafika kama saa 11, kisha kwa mwendo wa kilomita 9 au 10 kwa saa, Uyole ni saa 3 usiku. Msimu huu jua linazama saa 12 na nusu hivi. Kuhusu kushika lori, dereva hakuoni; akibadilisha gia na lori likarudi nyuma kidogo, uko chini ya bodi.

Mchunguzi Huru (saa 9:34)
Wakuu, mnamhurumia mtu ambaye hayupo. Hii ni chai. Mwezi ulijaa siku tatu zilizopita, na kila siku huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50, kwa hiyo leo hautaonekana kabla ya karibu saa 3 usiku. Mtu aliyepanga kwa dhati kuendesha baiskeli usiku angekuwa ameutazama angalau jana. Huyu yuko sebuleni na ramani.

Kiazi Mviringo (saa 9:37)
Kwa hesabu ya Fundi, mwezi na kuku watamsubiri pamoja mezani.

Binti Usangu (saa 9:40)
Mimi nimezaliwa Chimala, tuache nimuulize. Kaka, barabara ya kwenda Matamba inaingia upande gani, na ukiitazama kutoka hapo ulipo unaona nini?

Msafiri wa Makambako (saa 9:44)
Ukielekea Mbeya inaingia kushoto. Ninaona jinsi ilivyochorwa mlimani kwa kona, na kijana anayeuza ndizi hapa ameniambia kwamba kona zenyewe ni 57 na kwamba ukizimaliza unakaribia Kitulo. Kuhusu mwezi nimekosea, nakiri. Jana nililala mapema ili niamke mapema.

Mchunguzi Huru (saa 9:47)
Kona 57 zinajulikana hata na watu wasiowahi kuvuka Ruaha. Atume picha.

Binti Usangu (saa 9:52)
Iwe ni kweli au si kweli, jibu ni lile lile. Kaka, shati jeupe huonekana pale tu taa za gari zinapolimulika, na kwenye mteremko wa Inyala magari yanayoshuka yana kasi, huku yanayopanda yakipitana. Nenda hadi Igurusi pekee, ambako njia haijaanza kukaza. Kula chumvi pamoja na maji, kwa sababu joto la bonde letu hukausha jasho kabla hujaliona. Igurusi kuna vyumba vya kulala karibu na barabara. Alfajiri utaupanda mlima ukiwa na baridi, na Uyole utafika kabla ya chakula cha mchana.

Msafiri wa Makambako (saa 11:21 jioni)
Niko Igurusi. Nasema kweli, miguu bado ina nguvu na jua bado liko juu kidogo. Nikisukuma hadi Inyala tu, kesho inakuwa nyepesi zaidi.

Mama Imani (saa 11:25)
Mwanangu, mpigie baba yako mdogo simu sasa hivi umwambie huji. Ukishamwambia, hutakuwa na pa kukimbilia.

Msafiri wa Makambako (saa 1:38 usiku)
Nimempigia. Amecheka, akasema kuku hawezi kulala akisubiri baiskeli, na kwamba shingo nitawekewa. Nimepata chumba na baiskeli nimeiingiza ndani. Tangu giza lilipoingia nimekuwa nikisikia malori yakipita dirishani, na sitaandika nilichokifikiria. Binti Usangu na Fundi, ndaga fijo.

Mchunguzi Huru (saa 1:41)
Picha ya chumba, basi.

Msafiri wa Makambako (saa 1:43)
Simu imebaki na asilimia 3 na umeme umekatika.

Mchunguzi Huru (saa 1:44)
Nilijua.