Shindano la kutunga nyimbo mtandaoni: mnatoa maoni kwa nyimbo ambazo hata hamjazisikiliza!

Wakuu salamu.

Nimevumilia raundi mbili, ya tatu nimeshindwa. Najua wahusika wengi wamo humu, akiwemo admini mmoja anayependa kusoma nyuzi bila kuchangia. Jina la shindano silitaji wala la mtu yeyote silitaji. Wenyewe mtajijua.

Kwa msiolifahamu, hili ni shindano la watunzi wachanga linaloendeshwa kwenye kundi la WhatsApp. Si wasanii wenye lebo. Ni watu kama mimi, mchana mtu yuko dukani, gereji au darasani, usiku ndiyo anashika gitaa na simu. Kila raundi inatolewa mada, mnapewa wiki moja, unatunga, unarekodi kwa simu yako na kuutuma wimbo kama ujumbe wa sauti, ili mtu asijifiche nyuma ya biti ya prodyuza. Mpaka hapo safi kabisa, na aliyebuni utaratibu huo nampa heshima yake. Tatizo ni kanuni inayofuata: wimbo wako hauingii kwenye kura mpaka utoe maoni kwa nyimbo 5 za wenzako. Hujafikisha, umetoka.

Kanuni hiyo ndiyo imeharibu kila kitu. Mtu hatoi maoni tena, analipa ushuru. Siku ya mwisho saa nne usiku anafungua kundi, anashika nyimbo tano zilizo karibu na kidole chake, anabandika "umetisha mkuu", "kazi nzuri kaza buti", "hii ni moto" na mioto mitatu, huyoo anaondoka. Tano zimetimia. Kesho yake anaamka anauliza mbona wimbo wake hauna maoni ya maana!

Raundi ya pili mada ilikuwa "mlango". Nikatunga wimbo wa fundi seremala anayetengeneza milango ya watu, nyumbani kwake kuna pazia tu. Gitaa moja na sauti yangu, basi. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Urefu dakika 3 na sekunde 40. Maoni ya kwanza yaliingia hata dakika haijaisha tangu niutume. Ya pili yakasema hivi, nanukuu: "Biti kali mzee baba, bezi imekaa mahali pake."

Bezi ipi?

Nikaona isiwe tabu. Wengi hamjui hili, kwa hiyo lisomeni vizuri. Kwenye kundi la WhatsApp, ujumbe wako wa sauti ukiushikilia kwa kidole halafu ukafungua taarifa zake, unaoneshwa waliousoma na waliousikiliza, majina kabisa. Na huwezi kujificha. Ile mipangilio ya kuzima tiki za buluu haifanyi kazi kwenye makundi, na alama ya kusikiliza ujumbe wa sauti haizimiki popote. Tena orodha hiyo inawapendelea, maana mtu akibonyeza akaacha baada ya sekunde mbili naye anahesabiwa kasikiliza.

Nikafungua. Katika wote waliotoa maoni, aliyebonyeza kusikiliza alikuwa dada mmoja tu. Na maoni yake ndiyo pekee ambayo hayakuwa na moto hata mmoja. Aliandika: "Kaka, kiitikio kinachelewa, kinakuja baada ya dakika nzima na zaidi, mimi nilishasahau unamwimba nani. Halafu ubeti wa pili gitaa linapanda wakati sauti yako haijamaliza mstari, maneno yanamezwa." Basi. Hakuniita legend, hakuniita jembe. Nikarudi nikapima, kiitikio kilikuwa kinaingia sekunde ya 72. Nikakata nusu ya gitaa la mwanzo, nikatoa ubeti mmoja uliokuwa unarudia jambo lile lile, wimbo ukasimama. Huyo dada alitolewa raundi hiyo hiyo. Kura zake zilikuwa chache kwa sababu hana ndugu wengi kwenye simu.

Kura nazo sitaki kuzisemea sana, kila mtu anajua. Nipigie nikupigie, viungo vinasambazwa mpaka kwenye makundi ya kamati za harusi na VICOBA, mama mdogo wa mtu anapiga kura wimbo ambao hajui hata unaitwaje. Eurovision pamoja na siasa zake zote hairuhusu nchi ijipigie kura yenyewe. Sisi tunajipigia na kuombeana mchana kweupe.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu kundi jipya, hawa wana ufundi zaidi. Wanaacha maoni marefu, aya tatu, Kiswahili kimenyooka kama hotuba ya mgeni rasmi. "Wimbo huu unabeba ujumbe mzito unaogusa maisha halisi ya mwananchi, na mtunzi ameonesha ukomavu mkubwa katika uteuzi wa maneno." Maneno gani? Mstari upi? Nimechukua maoni ya hivyo nikayaweka chini ya wimbo wa bodaboda, yanakaa. Nikayaweka chini ya wimbo wa kumsifu bibi harusi, yanakaa. Ni mtu kaiambia akili bandia imwandikie maoni ya wimbo, na wimbo wenyewe hakuipa. Heri wale wa mioto mitatu, angalau wanaandika kwa mkono wao.

Haya, sasa nifike kwenye lililonitoa povu.

Raundi hii mada ni "safari". Kuna kijana kaweka wimbo wa mtu aliyekwenda stendi kumpokea mpenzi wake. Sauti anayo jamani, tusidanganyane, na wazo ni zuri. Nikausikiliza nikarudia, nimeshika kalamu. Nikamwandikia kwa heshima kabisa, "mdogo wangu" mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia mistari yako miwili imekaa vizuri mno:

Basi lako limefika
Watu wote wametoka

Mizani nane, nane, yaani silabi nane kila mstari. Sikio la msikilizaji limeshatulia, linangoja nane nyingine. Halafu wewe unamletea:

Lakini wewe mpenzi wangu sijakuona ukishuka

Mizani 19! Ndiyo maana unaukimbiza mstari, pumzi inakuishia kabla ya kiitikio, na neno zito kuliko yote linapita bila mtu kulisikia. Nikamshauri ajaribu "Ila wewe hujashuka". Ni nane, kina cha mwisho, ile "ka", kinabaki pale pale, na maumivu yanasikika. La pili nikamwambia kwenye kiitikio melodi yake inapanda juu kabisa kwenye silabi ya mwisho ya neno, wakati Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo anasikika kama mgeni anayejifunza lugha. Asogeze noti ya juu nyuma silabi moja tu, melodi itakuwa ile ile.

Nikatuma. Loh!

"Wewe umetoa hiti gani?" Huyo wa kwanza. "Roho ya korosho hiyo." "Mziki wa sasa hauna mizani, mizani ni ya kupimia nyanya." "Mzee nenda kaandike mashairi ya gazetini." Skrinshoti ya maoni yangu ikazunguka makundi mengine ikiwa imekatwa pale nilipomsifu. Chawa wa kijana wakajaa kwenye simu yangu mpaka usiku. Kijana mwenyewe wala hakukasirika. Alinifuata pembeni akaniuliza, "Kaka, hiyo mizani inahesabiwaje?" Nikamwelekeza. Ameshaurekebisha, na wimbo sasa ni mwingine kabisa.

Admini akaingia. Nikajua anakuja kutuliza. Kumbe kaja kuandika "Familia, hapa tunatiana moyo, maoni hasi hayana nafasi", akafuta maoni yangu. Na kwa kuwa yamefutwa, hayakuhesabiwa. Nikabaki na maoni manne. Kanuni inasema matano. Wimbo wangu umeondolewa kwenye kura kwa kosa la KUTOTOA MAONI YA KUTOSHA!

Yule mtu wa bezi amepita. Kwa maoni yake matano.

Mnaosema mziki wa sasa hauhitaji kukosoana, mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo mniwie radhi nikiwa mkali hapa. Mji huu ulikuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star vikishindana kwa taarabu, na mwimbaji marehemu Shakila aliimba pande zote mbili. Dar miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano vilipashana mpaka mashabiki wakagawana mji. Kabla ya wote hao, Mombasa kulikuwa na malenga Muyaka bin Haji, karne ya 19 mwanzoni, watu wanarushiana mashairi na wanajibiwa kwa mashairi. Hao hawakuwa marafiki sana. Lakini mtu huwezi kulijibu fumbo ambalo hukulisikiliza. Ilibidi ukae na mistari ya hasimu wako ujue amelenga wapi, kina gani katumia, wapi kateleza, ndipo upande jukwaani. Hasimu alikuwa msikilizaji wako namba moja! Sisi tunaitana familia asubuhi mpaka jioni na hakuna anayebonyeza kitufe cha kusikiliza.

Hata kwaya. Aliyewahi kushindana kwaya anajua jaji anakaa na karatasi, anaandika sauti ya tatu imeshuka, matamshi yamefichwa, mmeingia mkiwa mmechelewa. Mnaumia, mnarudi mazoezini. Sijawahi kusikia mwalimu wa kwaya akimwambia jaji ana wivu.

Na msiniambie mtandaoni haiwezekani. Kuna FAWM ya kule Marekani, ipo tangu 2004, kila Februari watu wanajipangia kutunga nyimbo 14 kwa siku 28. Hakuna mshindi, hakuna zawadi, hakuna anayetolewa. Watu wanaacha maoni kwa nyimbo za wageni wasiowajua kwa sababu na wao wanataka kusikilizwa, basi. Siwaambii tuige kila kitu, na huko nako sifa za bure hazikosekani. Nasema tu hakuna aliyeshikiwa fimbo akaambiwa andika matano.

Kama kanuni ya maoni lazima ibaki, basi mtoa maoni ataje angalau mstari mmoja wa wimbo au sekunde anayoizungumzia, na mwenye wimbo ndiye aseme yahesabiwe au yasihesabiwe. Orodha ya waliosikiliza aliyeutuma wimbo kwenye kundi anayo kwenye simu yake, aiweke hadharani ikitokea ubishi. Majina ya watunzi yafichwe mpaka kura zifungwe, nyimbo zitumwe kwa admini naye azipandishe kwa namba. Mtasema admini atachoka. Mbona hakuchoka kufuta?

Na wale mnaohofia kuibiwa vibwagizo mkisikilizana, nimewaona. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu ulipoutunga wimbo wako, kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunasaidia ushahidi. Tunza rekodi yako ya kwanza na tarehe yake. Na wimbo ambao hakuna aliyeusikiliza haujaibiwa na mtu.

Kuna atakayesema nimeandika haya kwa sababu nimetolewa. Ndiyo, nimeandika kwa sababu nimetolewa. Ulitaka niandike nikiwa nimepewa zawadi?

Admini, najua unasoma. Nina maswali mawili na nataka uyajibu hapa hapa, usinifuate pembeni. Moja, kwenye kanuni mlizotutumia siku ya kwanza, ambazo ninazo, ni kipengele gani kinachosema maoni yakitaja kasoro yanafutwa? Pili, yale maoni ya bezi kwenye wimbo wa gitaa tupu yalihesabiwa au hayakuhesabiwa? Kura zinafungwa Jumapili saa sita usiku. Kabla ya hapo ama urudishe maoni yangu na wimbo wangu, ama uondoe kila aliyepita kwa kutoa maoni kwa nyimbo ambazo jina lake halipo kwenye orodha ya waliosikiliza. Mkianza kuhesabu hivyo sijui raundi ya nne mtabaki na nani, lakini hilo ni lenu.

Dada wa kiitikio, kama upo humu, weka wimbo wako hapa chini tuusikilize upya. Na mwingine yeyote mwenye wimbo aweke. Nitausikiliza wote, nitakuandikia nilichosikia, na ukitaka kunitukana baadaye tukana, ila uwe umeshausikiliza na wa kwangu.