Land Rover ya Baba: Tuondoe Kutu Kwanza au Tuiuze Ilivyo?

Kikundi cha familia: Nyumbani Machame

Elia: Shikamoo Baba, shikamoo Mama, shikamoo Baba Mdogo. Wengine habari za jioni. Kama tulivyokubaliana Jumapili baada ya ibada, leo nimeingia chini ya Land Rover na kuikagua kuanzia mbele hadi nyuma, na ninaomba niwaeleze nilichokiona kabla hatujampa jibu yule bwana wa Arusha anayetaka kuinunua.

Bodi ya nje ni nzima, kwa sababu ni ya aluminiamu. Rangi ya kijani ya kiwandani bado ipo, imepauka tu juu ya boneti. Tatizo liko chini. Boriti ya nyuma ya chasisi (fremu inayobeba gari zima), ile yenye ndoano ya kuvutia tela, niliigonga kwa nyundo ndogo ikatoa mlio mzito kama wa debe lililojaa mchanga, ilhali sehemu ya katikati ya chasisi inalia vizuri. Nilipoibonyeza kwa bisibisi upande wa kushoto, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini na magamba mekundu yakanimwagikia usoni. Mikono miwili ya pembeni inayoshikilia bodi imeliwa, na chini ya pedali ya klachi, ukiinua mpira wa sakafuni, unaona majani ya uani. Nimepiga picha nyingi na nitazituma zote.

Mama: Marahaba mwanangu. Pole kwa kazi, na unawe macho vizuri, vumbi la kutu si la kuchezea.

Godlisten: Shikamooni wazazi. Elia, ahsante kwa kazi hiyo. Mimi nikiwa huku Dar es Salaam naona magari ya zamani yanavyouzwa, na ninaamini kwamba mnunuzi hununua kwa macho kwanza. Kwa nini tusimwite fundi bodi kutoka Pasua, Moshi, azibe matundu kwa vipande vya bati, apige puti (dongo la kujazia mashimo) palipobaki, kisha apulize lami nyeusi chini yote na kuipiga gari rangi mpya? Ni kazi ya siku chache, na tukimaliza tutaomba bei ya gari lililotengenezwa badala ya bei ya gari bovu. Nawaomba mlitafakari jambo hili, kwa sababu fedha hizi ndizo tunazozitegemea kwa matibabu ya macho ya Baba, na kila shilingi inahesabika.

Baba Mdogo Exaud: Marahaba wanangu wote. Godlisten, nakuelewa, na nia yako ni njema, lakini nimefanya kazi ya gereji tangu nikiwa kijana na ninaomba unisikilize kwa utulivu, kwa sababu kutu ya Land Rover haifanani na kutu ya gari jingine.

Watu wengi husema Land Rover haishiki kutu. Chanzo cha maneno hayo ni kwamba, gari hili lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgawo nchini Uingereza baada ya vita, kwa hiyo waliotengeneza waliamua bodi iwe ya aluminiamu, ambayo ilipatikana kwa urahisi zaidi. Bodi hiyo kweli haishiki kutu nyekundu. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na abiria ni chuma, na fremu za milango ni chuma. Pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu yenyewe huanza kuliwa na kutoa unga mweupe; Elia, angalia chini ya milango utauona.

Sasa chasisi ya gari hili ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa kama bomba la pembe nne. Matope na maji huingia ndani kupitia matundu madogo, yakakaa humo, na kutu huanza ndani ikielekea nje. Ukiona tundu kwa nje, ujue kwamba ndani chuma kimekwisha kwa eneo kubwa zaidi. Kwa hiyo ukichukua kipande cha bati ukakibandika juu ya tundu na kukichomelea, moto unakutana na chuma chembamba kama karatasi, unakitoboa, na fundi anaongeza kipande kingine kushikilia kile cha kwanza. Kiraka kinachokaa ni kile kilichofika kwenye chuma kizima: unakata sehemu yote iliyooza mpaka ufikie chuma kinachong'aa, ndipo unachomelea kingine cha unene uleule. Hiyo si kazi ya siku chache. Lazima tangi la mafuta litolewe, nyaya ziondolewe, betri ifunguliwe, na bodi inyanyuliwe. Tena, kwa kuwa Baba yenu alikuwa akipaka oili chafu chini kila baada ya masika, oili hiyo imenywewa na matope yaliyoganda, na cheche zikifika hapo gari linaweza kuwaka.

Kuhusu lami nyeusi, mtu anayejua Land Rover akiingia chini ya gari la zaidi ya miaka hamsini na kukuta lami mbichi inayong'aa, hataendelea kutazama rangi. Atachukua nyundo, na imani yake kwetu itakuwa imeondoka.

Baba: Marahaba wanangu. Exaud amesema kweli kuhusu oili, nilikuwa naipaka mwenyewe.

Niongeze jambo moja ambalo huenda hamlijui. Gari hilo ni la mwaka 1970, lile la chasisi ndefu, na nililinunua mnadani mwaka 1983. Miaka ya kwanza nililitumia kubeba chumvi na bidhaa za duka kati ya Mto wa Mbu na Engare Sero, kando ya Ziwa Natron. Mnajua udongo wa kule ulivyo na magadi. Ulikuwa ukiingia kila mahali, nasi tukirudi nyumbani tulikuwa tunaosha bodi tu, hatukujua kuosha ndani ya chasisi. Nadhani kutu hiyo ya nyuma ilianza wakati ule.

Elia: Ni kweli Baba. Ndani ya boriti ya nyuma nilikuta donge la udongo mweupe mgumu, wenye chembe za chumvi, na chuma kilichougusa ndicho kilichokwisha kabisa.

Baba Mdogo Exaud: Ndiyo sababu yenyewe. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata wakati wa kiangazi chuma hicho hakikauki. Na magadi huila hata aluminiamu.

Aikande: Shikamooni wazazi wangu. Mimi nimefuatilia upande wa fedha. Nilipita kwenye gereji mbili hapa Arusha nikiwa na picha za awali za Elia, za wiki iliyopita. Gereji ya kwanza walitaja shilingi 900,000 kwa viraka na puti, bila kuuliza swali lolote. Ya pili, fundi alitazama picha kwa muda mrefu, akauliza kama bisibisi inapenya kwenye boriti, kisha akasema kwamba kukata na kuweka chuma kipya nyuma, pembeni na kwenye ukuta wa mbele kutagharimu kati ya shilingi 5,000,000 na 6,000,000, bila rangi, na kwamba asingeweza kuahidi bei hiyo kabla ya kufungua. Yule bwana ametuahidi shilingi 13,000,000 akijua kwamba kuna kutu, ingawa hajui ni kiasi gani. Magari ya aina hii niliyoyaona yakiuzwa hapa Arusha baada ya kutengenezwa chasisi, wenyewe walikuwa wakiomba milioni 16 au 17, na kuomba si kupata. Hata tukipata 17, tukitoa gharama ya fundi tunabaki chini ya tulichoahidiwa leo, na miezi ya kusubiri juu yake.

Nimezungumza pia na wale wanaopenda magari haya, wengi wao walikuwepo kwenye tamasha la Land Rover hapa Arusha mnamo Oktoba 2024. Karibu wote walisema jambo moja: wanapendelea kununua gari lenye kutu inayoonekana, watengeneze kwa fundi wao, kuliko kununua kazi ya fundi wasiyemjua iliyofunikwa kwa rangi.

Godlisten: Hesabu hiyo naikubali, dada, kwa upande wa matengenezo kamili. Lakini zile 900,000 bado sijaziacha. Tukitumia kiasi hicho na tukapata hata milioni 15, si tumefaidika?

Neema: Shikamooni wajomba na mama wadogo. Kaka Godlisten, naomba nizungumze kama mwanasheria wa familia. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ili mwenzako aingie kwenye mkataba ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuomba mkataba uvunjwe. Tumeandika humu kwamba bisibisi inapenya kwenye chuma. Hatuwezi tena kusema hatukujua.

Baba Mdogo Exaud: Na kabla ya sheria kuna uhai wa mtu. Boriti na mikono hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Kutu ikiwa karibu na mahali springi inaposhikwa, gari likipita kwenye shimo springi inaweza kung'oka, na dereva hatakuwa na la kufanya. Elia, hebu niambie: vishikio vya springi, vyote vinne, uliviona vikoje? Usikisie, nenda ukaangalie kesho kukiwa na mwanga.

Elia: Nitaangalia, Baba Mdogo.

*(Siku iliyofuata)*

Elia: Habari za asubuhi. Nimerudi chini na tochi, nyundo na brashi ya waya. Vishikio vya mbele viko imara. Vya nyuma, kulia ni kizima, lakini kushoto kutu imefika karibu kabisa na kishikio, na pale juu yake chuma kinabonyea. Jambo la pili: nilitaka kusoma namba ya chasisi iliyogongwa mbele upande wa kulia, karibu na springi. Kutu imeifunika na nimeweza kusoma tarakimu za mwanzo tu. Nilikuwa naelekea kuchukua grainda nipasafishe.

Baba Mdogo Exaud: Elia, weka grainda chini! Usiiguse namba hiyo kwa grainda wala msasa. Tarakimu zile zina kina kidogo sana, na ukizikwangua hazirudi. Paka mafuta ya taa, yaache yakae hadi kesho, kisha sugua polepole kwa brashi ya nywele ngumu, urudie mpaka zionekane. Zikionekana, pangusa na upake grisi nyepesi. Kazi hii ya kutu ndiyo pekee ambayo ni lazima tuifanye kabla ya kuuza, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayolinganishwa na kadi ya gari wakati wa kuhamisha umiliki kwenye Mamlaka ya Mapato (TRA), na gari la zamani lisilosomeka namba huonekana kama gari la wizi hata kama mwenyewe ana karatasi zote. Kibati cha namba kilicho ndani ya gari hakitoshi peke yake, kwa kuwa kinaweza kung'olewa na kuhamishwa.

Aikande: Kadi ya gari ninayo mimi, kwenye bahasha pamoja na risiti ya mnadani. Nitakuja nayo.

Baba Mdogo Exaud: Vizuri. Basi maoni yangu ni haya. Chasisi tusiiguse. Rangi tusiiguse, kwa sababu ile ya kiwandani ni sehemu ya thamani yake. Tutoe matope yote kwa maji, hasa ndani ya boriti, kisha tuliache likauke juani bila oili. Breki na betri vitengenezwe ili gari liwake na kusogea uani mbele ya mnunuzi. Mpira wa sakafuni utolewe ili tundu lionekane. Na kwa sababu ya kile kishikio cha nyuma, gari lisiondoke hapa kwa magurudumu yake: lipakiwe kwenye lori hadi Arusha, na sharti hilo liandikwe.

Godlisten: Nimesoma yote kwa makini, na suala la springi limenibadilisha mawazo. Sitaki mtu aumie kwa gari lililotulea sote. Puti na lami ninaziondoa. Gharama ya lori nitailipa mimi. Ila naomba tusishushe bei kabla mnunuzi hajasema neno. Tumpe picha zote, kisha yeye ndiye aeleze.

Baba: Sawa. Nimewasikiliza wote, na naafiki alivyosema Exaud. Aikande, mtumie yule bwana picha zote leo, pamoja na ile ya bisibisi iliyozama. Mwambie bei ni ileile milioni 13, na kama baada ya kuona anataka kupunguza, aje tuzungumze ana kwa ana, lakini chini ya 11 siuzi. Ikifika hapo nitaliacha bandani na mtalitengeneza ninyi siku mkiweza.

Aikande: Nimemtumia sasa hivi, Baba. Amejibu kwamba anashukuru kuonyeshwa boriti, na anauliza kama anaweza kuja Jumamosi na fundi wake na nyundo yake mwenyewe.

Baba: Aje. Elia, mwambie afike kabla ya saa nne, mvua za mchana zisimkute chini ya gari.