Tupeane uzoefu: kazi za mikono na watoto wadogo kuelekea Desemba 9

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu wazazi na walezi, habari za jioni. Sikukuu ya Uhuru inakaribia, na watoto wako nyumbani wakituuliza tangu asubuhi leo tutafanya nini. Mwaka jana nilijaribu kutengeneza bendera za karatasi pamoja na wanangu wawili, mmoja akiwa na miaka minne na mwingine sita, nikidhani kwamba ni kazi ya nusu saa. Tulimaliza wakati wa chakula cha usiku, nami nikiwa nimejifunza mambo ambayo sikuwahi kuyatambua katika miaka yote niliyoitazama bendera ile ikipepea mlingotini.

La kwanza ni kwamba bendera ya Tanzania ni ngumu kwa mtoto kuliko inavyoonekana, kwa sababu ya ule ukanda wa mshazari. Nilichukua karatasi nzima ya A4, nikakata ukanda mweusi kutoka karatasi nyingine ya A4, nikaulaza kutoka pembe hadi pembe, na ukanda ukapungua kwa zaidi ya sentimita 6. Ilibidi tuunge, na kiungo kikaonekana kama kiraka cha suruali ya shule. Siku hizi ninakata bendera yenye urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 16, ambao ndio uwiano wa tatu kwa mbili wa bendera halisi. Mshazari wake haufiki sentimita 29, na ukanda wa A4 unatosha bila kuungwa. Tunaanza na karatasi nzima ya buluu, tunabandika pembetatu ya kijani juu upande wa kijiti, kisha ukanda wa njano wenye upana wa sentimita 5, na juu yake ukanda mweusi wa sentimita 3 na nusu. Kwa njia hii mtoto hahangaiki na vipande vitano vinavyopaswa kukutana sawasawa. Anabandika kimoja juu ya kingine, na makosa ya mkasi yanafunikwa.

La pili ni uelekeo. Ukanda huanzia chini, upande wa mlingoti, ukapanda kwenda juu. Mwanangu mdogo alibandika kinyume, kijani kikakaa juu kulia, na nilikuwa nimeshaanza kuibandua huku yeye akilia, ndipo kaka yake alipochukua kijiti na kukihamishia upande wa kulia. Bendera ikawa sahihi kabisa, kama ile anayoiona mtu aliyesimama upande wa pili wa mlingoti. Nilinyamaza, nikampa gundi aendelee.

Ninaomba wenye uzoefu mtueleze mlivyofanya ninyi, hasa kazi ambazo mtoto wa chini ya miaka saba anaweza kuzifanya kwa mikono yake mwenyewe, si zile ambazo mama anatengeneza huku mtoto akimshikia gundi.

Mwalimu wa elimu ya awali, Dodoma

Dada, nakushukuru kwa mada hii. Darasa langu lina watoto zaidi ya arobaini na mikasi sita, kwa hiyo niliacha kukata siku nyingi zilizopita. Ninachora mistari ya bendera kwenye karatasi ngumu ya manila, nao wanachana kwa vidole karatasi zenye rangi, vipande vidogo kama ukucha, na kuvibandika ndani ya mistari. Kuchana kunaimarisha vidole ambavyo baadaye vitashika penseli, na mtoto asiyeweza kukata mstari ulionyooka hapati aibu yoyote. Kijani, njano na buluu tunazipata kwenye magazeti ya zamani na majalada ya madaftari. Nyeusi ndiyo ilinisumbua, kwani mwaka wa kwanza niliwapa mkaa wapake, na wazazi walipokuja kuwachukua watoto walikuta sare zina mistari kama ya pundamilia. Sasa ninausaga mkaa, ninauchanganya na gundi, ninapaka karatasi siku moja kabla, na ikikauka haichafui tena.

Gundi yenyewe ni ya unga wa ngano: vijiko viwili vya unga kwa kikombe kimoja cha maji, unakoroga kwanza katika maji ya baridi ili usipate mabonge, kisha unainjika kwenye moto mdogo hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Inashika vizuri, na mtoto akiilamba hainitii hofu. Kasoro yake ni kwamba si watoto tu wanaoipenda. Nilihifadhi kazi zote stoo Ijumaa, na Jumatatu nikakuta panya wamekula pembe za bendera kumi na moja. Tangu hapo tunazianika juani mpaka zikauke kabisa, kisha tunazitundika kwenye kamba katikati ya darasa.

Jambo moja la mwisho, nalo ninalisisitiza: sherehe ikiisha ninazikusanya bendera zote, hata zilizochanika. Sipendi kuona rangi za taifa zikikanyagwa mtaroni, na nisingetaka mtoto ajifunze kwamba baada ya kupunga unatupa.

Baba wa mtoto mmoja, Moshi

Sisi huku mlima tunao dirishani, basi tulianza na mlima. Tulifinyanga magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi kama hiyo ya mwalimu juu ya ndoo kuukuu iliyofunikwa kifudifudi, tukaiacha siku tatu ikauke, tukapaka rangi ya udongo, na juu tukabandika pamba kuwa theluji. Kisha nikamweleza binti yangu kwamba usiku wa kuamkia Desemba 9 mwaka 1961 ofisa kijana wa jeshi, Luteni Alexander Nyirenda, aliupeleka Mwenge wa Uhuru kwenye kilele hicho pamoja na bendera mpya ya Tanganyika. Aliniuliza kama Luteni hakusikia baridi. Nilimwambia kwamba kwenye mita 5,895 hakuna asiyesikia baridi, akaenda kuchukua kipande cha soksi na kukivisha kijiti cha kiberiti alichokuwa amekiita Luteni.

Mwenge wenyewe tuliutengeneza kwa lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni, tukalivisha manila ya njano, na ndimi za moto zikawa ni vipande vya vitenge vyekundu na vya rangi ya chungwa tulivyopewa bure na fundi cherehani. Onyo kwa wazazi: alitaka tuuwashe kweli. Nilimtafutia tochi ndogo nikaitumbukiza ndani, na usiku mwanga ukipita katika kitambaa cha rangi ya chungwa unapendeza kuliko nilivyotarajia. Watoto wa jirani wakaja, ikawa ni mbio za mwenge kuzunguka nyumba, kila mmoja akikimbiza hadi kwenye mwembe na kumkabidhi mwenzake, isipokuwa mmoja ambaye alikataa kukabidhi na kwenda nao kwao.

Bibi wa wajukuu wanne, Unguja

Kwetu sikukuu kubwa zaidi ya majira haya ni ya Mapinduzi, Januari 12, lakini kazi ni ile ile. Mimi nimekulia kwenye ukili, na wajukuu ninawafundisha kwa karatasi kabla hawajagusa ukindu. Unakunja karatasi katikati, unaichana kuanzia kwenye kunjo bila kufika ukingoni, ukiikunjua unapata nyuzi zilizosimama. Kisha mtoto anapitisha vipande vya rangi za bendera, kimoja juu, kimoja chini, na safari inayofuata anaanzia chini. Mwenye miaka mitano anaweza. Mwenye miaka mitatu anachoka kwenye kipande cha pili, basi mpe yeye kazi ya kukuchagulia rangi, asione ametengwa.

Babu, Tabora

Nimewasoma nyote kwa furaha. Bendera iliyopandishwa siku ile ya Uhuru haikuwa hii mnayohangaika nayo. Ilikuwa na kijani juu, nyeusi katikati na kijani chini, ikitenganishwa na mistari miembamba ya dhahabu, na mimi niliipunga nikiwa mwanafunzi wa darasa la pili. Ilidumu chini ya miaka mitatu, kwa sababu baada ya Muungano wa Aprili 1964 ndipo ikazaliwa hii yenye buluu, rangi iliyotoka kwenye bendera ya Zanzibar. Mwaka jana nilimkalisha mjukuu tukatengeneza zote mbili. Ile ya zamani aliimaliza haraka, maana mistari yake imelala tu, na nadhani kwa mtoto wa miaka mitatu au minne ndiyo pa kuanzia.

Mwanzisha mada, Morogoro

Shikamoo babu. Hilo la kuanzia na ya mwaka 1961 sikulifikiria kabisa, na limenitatulia tatizo la mdogo.

Mama wa mapacha, Mombasa

Majirani, nasi tuna Jamhuri Desemba 12, siku tatu baada yenu, kwa hiyo nimesoma kama mwenyeji. Bendera ya Kenya ina mistari iliyolala, nyeusi, nyekundu na kijani, na nyeupe nyembamba baina yake, hivyo mapacha wangu hawapati taabu mpaka wafike kwenye ngao na mikuki miwili. Ngao tunakunja karatasi mara mbili, tunakata robo tu, tukiikunjua inatoka na pande zilizolingana. Lakini nilichotaka kusema ni kuhusu bangili za shanga za rangi za bendera, ambazo kila mtu huku huzivaa. Nilinunua shanga ndogo, nikawaketisha, nikaenda kuepua chungu, na niliporudi shanga moja nyekundu ilikuwa ndani ya pua ya mmoja wao. Ilitoka kwa kupiga chafya, namshukuru Mungu, ila sitarudia. Sasa tunatumia tambi fupi zenye tundu, tunazitia rangi ya chakula iliyochanganywa na kijiko cha siki, tunaziacha zikauke, na mtoto anazitunga kwenye uzi mnene ambao ncha yake nimeifunga kwa utepe wa gundi ili isichanuke.

Baba, Kigamboni

Sisi tulifanya ya Muungano, na nitaieleza kwa ufupi. Binti yangu wa miaka mitano aliiona picha maarufu ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964, akataka naye achanganye. Tulichukua mchanga mweupe wa pwani, tukachukua udongo mwekundu aliotuletea shangazi yake kutoka Pugu, akamimina kwa zamu katika chupa safi ya maji, tabaka kwa tabaka. Ilipendeza sana mpaka alipoitikisa. Akaitazama, akaniuliza, ‘Baba, na tukitaka kuutenganisha?’ Nilimwambia twende tukanawe mikono.

Mwanzisha mada, Morogoro

Nimecheka peke yangu jikoni. Nimeshaamua mpango wa Jumamosi: mdogo atafanya ya babu, mkubwa atafanya ya mshazari, na gundi nitapika ya mwalimu. Udongo mwekundu hapa Morogoro haununuliwi, tunao mpaka kwenye viatu. Bibi wa Unguja, naomba nikuulize: katika ule msuko wa karatasi, ncha za vipande unazibandika au unazikunja kwa nyuma?

Bibi wa wajukuu wanne, Unguja

Zikunje kwa nyuma, mwanangu, kisha tia gundi kidogo. Ukibandika bila kukunja zitachomoka kabla mtoto hajafika mlangoni.